Prosesa, Kadi na Mkono wa Baba

Nyumbani,
4 Machi

Mwanangu Waya,

Salaam. Sisi hatujambo, na natumaini huko mlimani upepo bado haujakubeba. Najua simu yako huko haishiki mtandao, ni ya kutazamia saa tu, kwa hiyo naliwahi lori la mahitaji na barua hii. Mama yako anauliza kama unavaa sweta. Mjibu yeye mwenyewe, usipitishie kwangu, maana nikimpelekea jibu atasema nimekufundisha la kusema.

Nina jambo dogo. Si langu, ni la mdogo wako Chiriku. Unajua kazi yake ya kuchora ramani za nyumba. Siku hizi anachorea kwenye ile kompyuta uliyoiunda mwenyewe juu ya meza yetu ya chakula, kipindi kile tulichokula sahani zikiwa magotini kwa sababu meza ilikuwa imejaa waya. Anasema inakwama. Mchoro unakwenda vizuri, vizuri kabisa, halafu ukifika mahali penye mambo mengi unasita, unaruka, na yeye anajikuta amepita pale alipotaka kuishia. Linamkera sana. Linamkosesha usingizi.

Mimi, unanijua, mambo hayo siyajui wala siyataki. Nilishasema kile kitu ni jokofu lenye kelele lisilogandisha hata maji. Lakini mtoto akilalamika, mzazi hazibi masikio. Nilipokuwa naenda kwa kinyozi nikapita kwa muuza vifaa vya kompyuta, kwa bahati tu. Akaniambia ninunue vyote viwili, prosesa mpya na kadi ya grafiki mpya. Nikamuuliza kadi ya grafiki inafanya nini. Akasema ndiyo inayofanya mti uonekane mti. Aliyonionyesha ni ndefu, naona haitaingia kwenye lile sanduku ulilolitengeneza kwa kabati langu la zana, isipokuwa tulikate ubavu. Niko tayari kulikata. Yaani, kama mdogo wako akitaka.

Basi nishauri. Tubadilishe prosesa, au kadi, au vyote, au tuache? Au yawezekana mashine haina neno, ila mtu mwenyewe ndiye amepungua? Najua ana miaka ishirini na sita, lakini mikono nayo huchoka.

Ni mimi,
Baba yako


Kituo cha hali ya hewa, mlimani,
19 Machi

Baba, shikamoo,

Barua yako nimeipata ikinuka dizeli na vitunguu, maana dereva wa lori aliiweka kwenye gunia ili isilowane. Mimi mzima. Kazi ni ileile: kupima mvua, kupima upepo, kusoma namba kwenye redio kwa bosi wa mjini ambaye hataki kusikia neno lolote lisilo namba. Mwenzangu wa zamu anapika vibaya lakini anaimba vizuri, basi tunakula huku tumefumba macho. Mwambie mama sweta ninavaa. Ninavaa mbili.

Sasa la Chiriku. Jibu langu ni fupi: acheni. Msinunue chochote. Kompyuta ile nilipoiunda ilikuwa fahali, na fahali hata akizeeka hashindwi kubeba ramani za nyumba. Kuta nne na paa, baba! Zinaitesa nini? Nampa pole muuza duka, lakini yeye akiulizwa kama mtu anahitaji viatu humwuzia na miguu.

Mimi namjua mdogo wangu. Anafungua madirisha thelathini kwa mpigo, muziki huku, picha za harusi za watu asiowajua kule, halafu anashangaa mashine kukwama. Asiyejua kucheza husingizia uwanja. Mwambie mashine ni nzima, mwenye kasoro ni aliyeikalia. Mwambie hivyohivyo, usipunguze neno, na umwambie nimecheka hadi mwenzangu akaja kuniuliza kama nina homa.

Na kabati lako la zana usilikate. Lina majina ya stesheni zako zote za treni, uliyoyachonga kwa msumari ubavuni. Nani atakata kitu kama hicho kwa ajili ya miti ya kwenye skrini?

Mwanao,
Waya


Nyumbani,
2 Aprili

Kaka Waya,

Umefanya nini? Hapana, kwanza nisalimie: hujambo? Haya. Umefanya nini?

Baba alinisomea barua yako mezani. Yaani alinisomea mimi! "Mwenye kasoro ni aliyeikalia." Akakunja karatasi, akaniangalia, akasema, "Umesikia kaka yako?" Nikajibu nimesikia, huku sijui nimesikia nini, kwa sababu kaka, ile kompyuta sijaigusa tangu ofisini waliponipa laptop. Sijui hata siku hizi inawashiwa wapi. Nikamtazama mama. Mama akanikanyaga mguu chini ya meza. Nikanyamaza, na unajua kwangu hiyo ni kazi nzito kuliko kuchora ghorofa.

Jioni mama aliniita bafuni, tukafungulia maji bombani kama majambazi, akaniambia yote.

Anayeitumia ni baba.

Umekumbuka ule mchezo wa kuendesha treni uliouacha humo? Basi. Tangu alipostaafu alikuwa anazungukazunguka nyumba kama kuku anayetafuta pa kutagia. Siku moja akaingia chumbani kwako kutafuta koleo, akakaa kwenye kiti, akaishia humo. Kila tukitoka anajifungia. Mama anasikia kila kitu kutoka barazani: honi, matangazo ya stesheni, milango ikifungwa. Anasema mara ya kwanza alidhani mume wake amerukwa na akili. Mara ya pili akachungulia kwenye tundu la ufunguo akamwona amevaa ile kofia yake ya kazi, mgongo wima, anasalimia kituo. Akarudi zake barazani bila kusema neno. Anamwachia afurahi.

Ila hafurahi tena, kaka. Akifika stesheni kubwa, ile yenye watu wengi, anapitiliza. Anapiga breki, treni haisikii, anajikuta behewa la mbele liko nje ya jukwaa. Unajua wenzake walivyokuwa wakimwita. Mzee Mstari! Miaka yote ya kazi yake, mlango wa treni yake ulikuwa ukifunguka pale mstari ulipochorwa, watu walikuwa wanapanga foleni kabla hajafika. Sasa anapitiliza kila siku, anavua kofia, anakaa anaitazama mikono yake. Anaigeuza hivi, anaigeuza vile.

Na hilo si lote. Kabla hata hajakuandikia, mkuu wa chuo cha madereva wa treni alikuja hapa nyumbani. Yule aliyekuwa msaidizi wake zamani, mwenye kicheko cha mbuzi. Alikuja kumwomba baba akafundishe vijana. Mama anasema baba uso ulimng'aa kama sahani. Akaomba muda wa kufikiri. Sasa nimeelewa alikuwa anafikiri nini: alikuwa anataka kwanza kujua kama ni mashine au ni mkono wake. Ndiyo akakuuliza wewe. Na wewe ukamjibu!

Jana alimwambia mama mwisho wa mwezi ataenda chuoni kumwambia mkuu atafute mtu mwingine. Akasema, "Mtoto wa watu nitamfundishaje kusimama, mimi mwenyewe sisimami?"

Usimwambie nimekuambia. Mama atanichinja. Lakini tengeneza, kaka. Upesi.

Mdogo wako asiye na kasoro yoyote,
Chiriku


Mlimani,
6 Aprili

Chiriku,

Nimesoma barua yako nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Kama ardhi ingepasuka ningeingia hata bila sweta. Dereva wa lori anapakua magunia, nimemwomba asiondoke kabla sijamaliza kuandika. Nimemwandikia baba barua ya pembeni, ataisoma kana kwamba bado ni habari yako. Wewe kubali kila kitu. Akisema umechora ikulu, sema ndiyo.

Kaka yako


Mlimani,
6 Aprili

Baba, shikamoo,

Nimefikiri tena juu ya shida ya mdogo wangu, na naona nilijibu kama mlevi. Fundi hatoi hukumu bila kupima, na mimi sikupima. Nilicheka tu. Nisamehe, na uniombee msamaha kwa Chiriku.

Sasa naomba apime. Ni kazi rahisi. Kabla ya kuanza kuchora, afungue ile programu ya kuangalia hali ya mashine. Nilimwonyesha, iko kona ya chini kushoto, ina alama ya kijani kama mapigo ya moyo. Hapo ataona mistari miwili. Mmoja ni wa prosesa, mwingine wa kadi ya grafiki. Aiache wazi pembeni, aendelee na kazi yake kama kawaida, na mchoro ukianza kusita tu, atupie jicho ile mistari. Upi umepanda hadi juu? Upi umelala?

Nieleze tofauti yao ili apate picha. Prosesa ndiyo inayofikiri: inahesabu kila kinachosogea, kila mtu aendako, na kila amri ya mkono inapitia kwake. Kadi ya grafiki ni mchoraji tu. Inaambiwa kuna nini, inapaka rangi. Kama prosesa imeelemewa, hata ununue mchoraji bora wa dunia, atakaa na brashi yake mkononi anangojea kuambiwa achore nini. Na kama mchoraji ndiye mzembe, prosesa mpya haitasaidia kitu. Ndiyo maana nasema tupime kwanza.

Na baba, kuna jambo moja naomba umwambie mdogo wangu, kwa msisitizo: asiamue jambo lolote kubwa kabla jibu langu halijafika. Lolote lile. La kazi, la maisha, lolote. Tafadhali.

Mwanao,
Waya


Nyumbani,
20 Aprili

Mwanangu Waya,

Salaam. Barua yako imefika. Mdogo wako nimempa msamaha wako, amepokea, ingawa aliitikia kwa haraka mno hata nikashangaa.

Amepima kama ulivyoagiza. Nilikuwa karibu, nikaona kwa macho yangu. Mchoro ulipokuwa katikati ya mashamba, mistari yote ilikuwa chini, haina presha. Tulipoanza kuukaribia mji, ule wa prosesa ukaanza kupanda. Mchoro ulipoingia kwa mwendo wa arobaini kwenye ukumbi mkubwa, ambako kuna watu wengi wamesimama na mizigo, yaani ramani yake ina watu, ndiyo mtindo wa siku hizi, prosesa ikagonga juu kabisa ikabaki hukohuko. Kadi ya grafiki haikufika hata nusu. Ilikuwa inapiga miayo. Ni wakati huohuo mchoro ulipositasita, na ukapitiliza.

Tulirudia mara kadhaa ili tusikurupuke. Ni hivyohivyo kila mara.

Mdogo wako anauliza jambo moja, na anaomba umjibu kwa ukweli, usimwonee huruma. Anasema: yeye anajua mkono wake unavuta kwa wakati. Anajua. Ni kitu alichokifanya maisha yake yote, hata akifumba macho. Lakini matokeo yanaonyesha amechelewa. Sasa, je, yawezekana mkono uchelewe na mwenyewe asijue? Maana hiyo ndiyo inayomtisha. Kuzeeka si shida, kila mtu huzeeka. Shida ni kuzeeka halafu ukawa wa mwisho kuarifiwa.

Umesema asiamue jambo kubwa. Alikuwa ana jambo la kuamua mwisho wa mwezi. Nimemwambia asogeze mbele kidogo, amekubali.

Muuza duka bado ananing'ang'aniza na kadi yake. Jana alinisimamisha njiani.

Ni mimi,
Baba yako


Mlimani,
24 Aprili

Baba, shikamoo,

Kwanza jibu, maelezo baadaye: mkono wa mdogo wangu hauna kosa. Haukuchelewa. Mashine ndiyo iliyochelewa.

Sikumwonea huruma, baba, na hili ningeweza kuapa mbele ya bosi wangu wa namba. Ni hivi. Anapovuta, tuseme anapovuta ile kamba ya kusimamishia mchoro, amri yake inaingia kwa prosesa. Lakini wakati huo prosesa inahesabu watu wote wa ukumbini: huyu anainua begi, yule anamwita mtoto, mwingine anakimbia. Amri ya mkono inawekwa foleni nyuma ya begi la mtu. Inapofikiwa, mchoro umeshakwenda mbele. Yeye alivuta kwa wakati. Mashine ikasikia baadaye. Hakuna mkono duniani, hata wa mtu aliyesimama sawasawa kwa maisha yake yote, unaoweza kushinda hilo. Na angalia: penye mashamba, ambako hakuna watu wa kuhesabu, hapitilizi hata kidogo. Mkono uliochoka ungechoka hata shambani.

Kwa hiyo uamuzi wangu ndio huu. Kadi ya grafiki msinunue. Haina kosa, inangojea kazi. Muuza duka akikusimamisha tena, mwambie mwanao amesema miti inatosha. Prosesa ndiyo ibadilishwe, lakini si ya toleo jipya kabisa, maana hiyo itataka ubao mkuu mpya, ule unaochomekwa vifaa vyote, na kumbukumbu mpya, na mwisho tutajikuta tumenunua kompyuta nyingine na kubakiza sanduku tu. Ubao tulionao unakubali prosesa kubwa kuliko ile niliyoiweka, ya ukoo uleule. Nimeandika jina lake nyuma ya karatasi hii. Chiriku aende kwa wauza vifaa vilivyotumika, ataipata, watu wanaziondoa kila siku. Kabla ya kuiweka, ni lazima asasishe ile programu ndogo ya ubao, vinginevyo ubao hautamtambua mgeni wake. Hatua zote nimechora.

Nilikosea kusema mwenye kasoro ni aliyekalia kiti. Nilisema bila kupima, tena kwa mtu ambaye sijawahi kumwona akikosea mstari. Mwambie hivyo. Usipunguze neno.

Mwanao,
Waya


Nyumbani,
29 Aprili

Mwanangu,

Nimemwambia. Alitoka nje, akapenga kamasi, akarudi. Anakushukuru.

Baba yako


Nyumbani,
17 Mei

Waya mwanangu,

Ni mama yako. Nimechoka na mchezo huu wa kuigiza. Kila mtu ndani ya nyumba hii anajua, wewe unajua maana Chiriku hafungi mdomo, hadi muuza duka anajua, bado baba yako anatembea na "mdogo wako" mdomoni. Juzi alisema "mdogo wake Waya anapenda chai yake bila sukari", na Chiriku hayupo, na kikombe kiko mkononi mwa baba yako mwenyewe. Nikamwambia, "Mume wangu, mdogo wake anayependa chai bila sukari ana mvi." Akanitazama. Nikamwambia nimekuwa nikisikia honi tangu alipoanza. Akauliza, "Na hukusema?" Nikamwambia, "Ulikuwa unaendesha, ningekusumbuaje?" Tukacheka mpaka nikashika mbavu. Basi imekwisha, andika wazi.

Sasa habari ya prosesa. Chiriku aliipata kwa muuza vifaa nyuma ya soko. Akafanya ile kazi ya programu ndogo ya ubao, anasema alisali wakati wote kwa sababu umeme ukikatika katikati basi ni msiba. Haukukatika. Halafu kukawa na ubishi nani aweke. Baba yako alisema yeye ameshika vyuma maisha yote. Nikamwambia ndiyo maana usishike. Chiriku anatetemeka akiona skrubu. Nikaosha mikono, nikavaa miwani, nikawaambia wanipishe. Nimepokea watoto wa mtaa mzima huu kwa mikono hii.

Tulifungua kabati. Nikatoa feni, nikafuta ile dawa ya kupitisha joto iliyokauka kama uji wa juzi. Nikanyanyua kile kijiti cha kufungia, ile ya zamani ikatoka bila ugomvi. Mpya nikaishika pembeni, nikaipeleka mahali pake, nikaangalia ile alama ya pembetatu ielekee sawa na mwenzake. Baba yako akasema nyuma ya shingo yangu, "Sukuma kidogo." Nikamwambia ondoka chumbani. Kisichoingia chenyewe hakisukumwi; kinageuzwa taratibu. Nikaiachia, ikakaa yenyewe, wala sikuisikia. Dawa mpya kidogo kama punje ya mchele, feni juu, waya mahali pake.

Tulipoiwasha ilikaa kimya muda mrefu. Baba yako alinishika mkono. Sijui kama alijua amenishika. Kisha ikawaka.

Akakaa kwenye kiti, kofia kichwani, safari hii mlango wazi na sisi tumesimama nyuma yake kama abiria. Akaondoka, akapita mashamba, akaufikia mji. Stesheni kubwa ile hapo, watu tele na mabegi yao. Treni haikusita hata kidogo. Akapiga breki. Ikasimama kabla ya jukwaa! Mwanangu, ilisimama mbali hata mlango wa mbele ulikuwa bado uko kwenye changarawe. Chiriku akapiga kelele, "Baba, tunashukia wapi, kwenye mawe?"

Nilidhani atavunjika moyo. Akageuka, macho yanamcheka. "Mnaona?" akasema. "Nilikuwa nimeanza kuvuta mapema ili kuifidia. Sasa inanisikia!" Akarudia. Mara ya pili ikapita kiasi cha hatua moja. Mara ya tatu milango ikafunguka pale penye mstari. Pale pale. Akaweka mikono miwili mapajani, akaiacha hapo, hakuitazama.

Kesho yake asubuhi alinikuta jikoni, amepiga pasi shati mwenyewe, upande mmoja wa kola umepigwa na mwingine umesahauliwa. Nikamuuliza anakwenda wapi. Akasema chuoni, kumwambia yule mwenye kicheko cha mbuzi neno moja. Sikuuliza neno gani. Nilimrudisha tu nikapiga upande wa pili.

Vaa sweta. Najua unasema mbili, lakini nakujua.

Mama yako


Nyumbani,
11 Juni

Mwanangu Waya,

Salaam. Safari hii nakuandikia kwa niaba yangu mwenyewe, na naona kalamu inateleza vizuri zaidi.

Nimeanza kazi. Siku ya kwanza mkuu wa chuo hakunipeleka darasani. Alinipeleka uani, kwenye injini ya mafunzo, chuma halisi, akaniambia, "Mzee, ipeleke hadi kule kwenye nguzo nyeupe, usimame." Wanafunzi wote wamejipanga. Nilipanda. Nikasikia harufu ya mafuta yaliyopashwa moto, mtetemo ukapanda miguuni, na nikawa nimesahau kuogopa. Niliposimamisha, kijana mmoja alikwenda kupima kwa mguu umbali kati ya nguzo na mlango. Akakosa pa kuweka mguu. Mkuu akacheka kile kicheko chake. Siku zote kilikuwa kinaniudhi; siku hiyo kilikuwa kitamu.

Nataka nikueleze jambo lililotokea wiki iliyofuata, kwa sababu wewe ndiye uliyenifundisha. Kuna binti mmoja katika darasa langu, mwerevu, ila anajilaumu upesi. Aliendesha, akapita nguzo kwa mbali. Akashuka amejiinamia, akaniambia, "Mwalimu, sifai, mkono wangu mzito." Zamani ningemjibu palepale, ndiyo, mzito, rudia. Nikafunga mdomo. Nikamwambia tusubiri tupime. Tukaingia chini ya injini sisi wawili, tukakagua breki, moja baada ya nyingine, mpaka nguo zikawa nyeusi. Unajua tulikuta nini? Breki nzima kabisa. Kosa lilikuwa lake. Nikamwambia, "Haya, tumeuliza chuma, kimesema si mimi. Sasa tuuulize mkono." Akacheka. Alilipokea kosa lake kama mtu anayepokea mzigo wake mwenyewe, bila kinyongo, kwa sababu alijua hakusingiziwa. Siku iliyofuata alisimama vizuri. Si kama mimi, lakini vizuri.

Nikarudi nyumbani nikifikiri kwamba ungenijibu barua ya kwanza vizuri nisingejua hilo. Kwa hiyo usijilaumu. Ulinipasua kidogo, ukanishona mwenyewe.

Kuhusu kadi ya grafiki, nilikubaliana nawe. Mimi natazama reli, ishara na jukwaa. Miti ikionekana kama mboga zilizochemshwa hainihusu. Nilidhani suala hilo limefungwa. Halijafungwa. Nikiwa chuoni mchana, mama yako anakikalia kile kiti. Alianza kwa kusema anakagua kama kazi ya mikono yake bado inafanya kazi. Sasa ana kiti chake cha kuwekea miguu. Yeye reli haitazami, anatazama nje dirishani, na amelalamika kwamba maua hayana sura. Chiriku amekwenda kumtafutia kadi fupi iliyotumika, ambayo itaingia bila kukata chochote. Kwa hiyo uamuzi wako umepinduliwa, na ukitaka kukata rufaa, ukate kwa mama yako.

Naandika kwa haraka kwa sababu yuko kwenye treni sasa hivi na nasikia anakaribia mji. Wala hapunguzi mwendo. Huwa hapunguzi. Jana alipita stesheni zote, ndogo na kubwa, anapiga honi na kupungia mkono watu walio kwenye majukwaa. Nikamuuliza, "Mke wangu, na wanaotaka kushuka?" Akanijibu bila kugeuka:

"Anayetaka kushuka angepanda yako."

Ni mimi,
Baba yako